Masika ya Ukoo wa Saba

27 Machi

Mawingu yametanda upande wa Likoni tangu asubuhi, na mpaka sasa hayajaamua. Nimenunua daftari kwa sababu Faraz Tayebali ameniomba niwe nikienda godauni lake la Shimanzi mara mbili kwa wiki mpaka masika yaishe, nikamhesabie chawa. Nikiwa na kazi hupenda kuandika. Zahanati ya Chula, kisiwani kwetu, niliandika kila siku kwa miaka mingi. Madaftari yale yalibaki huko pamoja na nyumba, mwaka wa tisini na moja, tulipokimbia vita kuja Kenya.

Chawa wenyewe ni wa samaki. Ni kidudu bapa, chenye kupitisha mwanga kama gamba, kikubwa kuliko punje ya mtama kwa kidogo. Humshika samaki ngozini, humtoboa na kumnyonya. Masika ya mwaka jana waliwamaliza karibu perege wote ambao Faraz anawafuga katika matangi ya turubai. Ameshasema wazi: wakifa tena mwaka huu, godauni atawapangisha watu wa makontena, na Wanza, msichana aliyesomea mambo ya samaki na anayewatunza, atarudi kwao Machakos.

Wanza alinitaka mimi kwa sababu najua hadubini. Miaka yote ile ya kutafuta malaria katika damu za watu imenifaa uzeeni.

2 Aprili

Sikukuu imepita. Leo nimeonyeshwa kazi.

Wanza hataki dawa. Mwaka jana Faraz alimwaga dawa ya zambarau mpaka sakafu ikabadilika rangi. Chawa wakaondoka na wakarudi. "Ukiwatibu wote, Mzee," aliniambia, "hutajua ni nani aliyezaliwa na kinga." Kwa hiyo kila mama amemweka na dume wake, na watoto wao katika wavu wao, na kila wavu una namba. Anangoja masika yachague. Wazazi wa mwakani watatoka kwa wale ambao kinga iko katika damu yao, si katika chupa.

Koo mbili ndizo zilizovuka salama mwaka jana. Ukoo wa nne ni wakubwa, wana mgongo mpana na wanang'aa kama sahani mpya. Ukoo wa saba ni wadogo, wa kijivujivu, wanakua polepole. Baba yao alitoka katika birika la msikiti wetu nyuma ya Ndia Kuu. Perege wako birikani tangu kabla ya mabomba, waliwekwa ili kula viluwiluwi vya mbu, na watu hutawadha juu yao. Hakuna aliyewahi kuwaletea wageni wala kuwatia dawa. Mwaka juzi nilimpelekea Khubaib, muadhini wetu, ambaye ndiye mlinzi wa birika, ombi la Wanza la kupewa dume mmoja. Alicheka sana. Akauliza samaki wake akienda kuoa Shimanzi, mahari nani atatoa.

Faraz huwaita ukoo wa saba dagaa wenye kiburi. Ukoo wa nne hawapitii bila kusimama.

6 Aprili

Manyunyu. Malori yamejaa njia ya godauni, sakafu inatetemeka na maji ya matangi yanatetemeka nayo.

11 Aprili

Mvua imeanza kwa kweli, na chawa wameanza nayo.

Kazi iko hivi. Wanza hutia matone ya mafuta ya karafuu katika besheni la maji, samaki hulala, mimi huhesabu, kisha tunamwamsha katika maji safi. Kutwa nzima nanukia kama biriani. Leo nimehesabu koo zote. Ukoo wa saba: chawa wachache, na walio wengi ni wachanga, wamekonda. Mahali walipotoboa, ngozi imejaa na kuwa ngumu, nao wanashindwa kunyonya. Waliokuwapo Jumanne, leo wameanguka.

Ukoo wa nne: chawa wengi, wamenona, matumbo yamejaa mayai. Na samaki wenyewe wanakula, wanaruka, wanang'aa.

Sikuipenda hali hiyo na sikujua kwa nini. Wanza alitazama kwa muda mrefu, kisha akanieleza kwamba kuna samaki anayemshinda chawa na kuna anayemvumilia, na kwa macho wote wawili ni wazima. Baada ya Pasaka ataweka vifaranga wasiowahi kuona chawa pamoja na kila ukoo, tuone ni upande upi watakufa. Nilimweleza Faraz. Alisikia neno wazima, mengine yakampita. "Mzee Shee, samaki mwenye chawa na nguvu zake ni afadhali kuliko maiti msafi," akasema, akampigia mtu simu.

Namwona ni mtu wa maneno mepesi. Mama yake alifariki katikati ya Ramadhani na sijamsikia akimtaja.

17 Aprili

Wanza ameondoka kwenda kwao kwa Pasaka. Kamwachia Faraz maagizo ya chakula na pampu. Mvua usiku na mchana.

21 Aprili

Leo ilikuwa arobaini ya marehemu Bi Hussaina, mama yake Faraz.

Nyumba yao imegusana na ua wa msikiti. Kwa miaka na miaka Bi Hussaina alikuwa akikaa dirishani alasiri akiwarushia samaki wa birika makombo ya chapati, na wazee tukitawadha tukinyeshewa makombo. Hakuna aliyelalamika. Baada ya kisomo Faraz aliingia uani amebeba ndoo mbili, suruali imelowa mpaka magotini, na Khubaib akamsaidia kuzimimina. Perege wakubwa wazuri, wa kuzidi yeyote aliyekuwamo. Ukoo wa nne.

Alisema ni sadaka ya mama, ili kila atakayetawadha amwombee. Kisha akageukia ukuta. Mzee mmoja akaanzisha Fatiha, tukaisoma sote. Khubaib akasema samaki wake sasa wamepata wakwe wa maana. Nilirudi nyumbani nikifikiri nilimhukumu Faraz vibaya, na nikalala vizuri.

24 Aprili

Wanza amerudi. Nilipomwambia habari ya sadaka, aliweka mkoba chini. Kisha akauliza kitu kimoja tu: walitoka tangi lipi.

Ameanza jaribio la vifaranga leo leo, kila kundi katika pipa lake, maji yasichanganyike.

28 Aprili

Mvua. Godauni linavuja pembeni. Nguo hazikauki.

3 Mei

Khubaib alinifuata nyumbani baada ya alfajiri. "Ami, njoo utizame maji," alisema, akatangulia njia.

Birikani kulikuwa na vidudu vikiogelea, bapa, vinazungukazunguka kama vipande vya karatasi ya nailoni. Kimoja kilimpanda mtu kifundoni akitawadha. Nilimvua samaki wa zamani mmoja: chawa wawili, wachanga, wamekonda. Nikamvua mmoja wa sadaka. Sikuendelea kuhesabu.

Nilimweleza Khubaib kwamba samaki wake hawana neno, wanapigana na chawa kama walivyozoea, ila wakwe ndio wanaowazalisha. Akitoa wale wakubwa na kuwaacha wake, birika litajisafisha lenyewe. Alinisikiza kwa adabu. Tatizo, alisema, si samaki. Watu wanauliza kama udhu wao umesihi.

5 Mei

Kamati ya msikiti ilikaa baada ya isha jana. Leo asubuhi nilikwenda na Wanza kwa mwenyekiti. Wanza alisimama kizingitini, kajifunga leso kichwani, akaeleza taratibu na vizuri kwamba perege wale wameishi hapo vizazi vingi kuliko sisi, wamejifunza katika miili yao kitu ambacho yeye hawezi kukinunua popote, na akapewa hata kumi atashukuru. Mwenyekiti alimkaribisha kahawa. Akasema birika litamwagwa kesho kutwa, litapakwa chokaa, na mabomba yatatiwa. Ahadi ya mabomba ilikuwapo tangu zamani. Samaki atapewa, hana shida.

Tukarudi na ndoo zetu tupu tukiwa na matumaini. Kesho kutwa.

6 Mei

Waliifanya leo.

Fundi alikuwa na nafasi leo, kesho hana. Basi. Nilikuwa Shimanzi. Nilipofika adhuhuri vijana walikuwa wameshapaka chokaa nusu ya birika, na Khubaib, mikono myeupe, aliniambia kwa furaha kwamba hakuna hata samaki mmoja aliyetupwa. Kutupa samaki wa msikiti angeona haya. Waligawiwa majirani, wazee kwanza, kwa baraka. Wale wakubwa wenye vidudu ndio waliofukiwa.

Jioni Hajra, mkewe Faraz, aliniletea sahani imefunikwa kitambaa. Perege watatu wadogo, wamekaangwa, ndimu na pilipili pembeni. "Fungu lako, Mzee. Waliniachia nikupikie." Nilimshukuru. Nilikaa na sahani ile mapajani mpaka ikapoa. Kwenye ngozi, chini ya viungo, bado ulionekana ule ugumu mahali walipotobolewa.

Niliwala. Sikuona njia nyingine ya kuwafanyia heshima.

7 Mei

Sikwenda Shimanzi.

12 Mei

Jaribio limekwisha. Vifaranga waliowekwa pamoja na ukoo wa saba wako hai, wanakula. Waliowekwa pamoja na ukoo wa nne wamekufa wote, na wamekufa wamefunikwa. Ukoo wa nne walikuwa wakiogelea juu yao, wanang'aa.

Sasa najua kile nilichoshindwa kukitaja mwezi uliopita. Kambini, mwaka wetu wa kwanza Kenya, homa ya matumbo ilikuwa ikikata watu upande wetu, haikukata upande mwingine. Tuliwapima wagonjwa, tukawapima tena. Aliyekuja kugunduliwa ni mpishi wa jiko letu, mwanamke wa afya njema, mcheshi, hajaumwa kichwa hata siku moja. Alikuwa nayo mwilini na haikumdhuru. Alipoambiwa aliapa kwamba hajapata kuumwa, na alikuwa akisema kweli.

Maji ya matangi yote yanapita pampu moja. Chawa wanaozaliwa juu ya ukoo wa nne wanakwenda kwa kila mtu.

13 Mei

Tangi la pili: wanane wameelea.

15 Mei

Tulizungumza na Faraz leo, mimi na Wanza. Alikuja na Hajra kutoka hospitali ya meno, yeye Faraz shavu limevimba, na pengine ingalikuwa bora tungalingoja.

Wanza alimwambia anachotaka: ukoo wa nne uuawe wote, matangi yakaushwe na kusuguliwa, kwa kuwa chawa hubandika mayai ukutani, kisha tuanze upya na ukoo wa saba peke yake. Faraz alidhani amesikia vibaya.

"Wasema niue walio hai nibaki na dagaa?"

"Wale wadogo ndio wenye kinga, Bosi. Hawa wamebeba tu."

"Kila tangi linakufa. Hawa hawafi. Sasa wewe ulisomea kwa nani, kwa mchawi?"

"Wengine wanakufa kwa sababu hawa hawafi."

Faraz alinigeukia akitaka nicheke naye. Nilimwambia habari ya mpishi. Akasema kwa sauti ndogo kwamba hao ndio aliompa mama. Kwamba mjini watu wameshamsema: samaki wa Tayebali walinajisi birika. Hakuna mkahawa Mji wa Kale utakaochukua hata mmoja. Sasa akiwaua atakuwa amekubali kwamba alichompelekea mama yake kilikuwa ugonjwa.

Nilikuwa nimemdhania mtu mwepesi. Leo nilimwona mtu aliyebeba kitu kizito na hana pa kukitua.

Hajra ndiye aliyesema, akiwa bado mlangoni na mwavuli wake. "Sadaka ilifika siku ile ile, Faraz. Hawa waliobaki tangini si mama."

Faraz alimpita mlangoni, akaondoka.

18 Mei

Tangi la pili limekwisha. Tangi la tano linaanza. Mvua haijakatika tangu Ijumaa. Wanza halali vizuri, naona machoni, na leo amenikaripia kwa kutia karafuu kidogo mno. Kisha akaomba radhi, akaniita babu.

21 Mei

Faraz alikuja peke yake asubuhi, kavaa kanzu kuukuu. Hakusalimu. Alimwuliza Wanza nani atafunga maji, kisha akaingia tangini mwenyewe na wavu.

Iliwachukua mpaka alasiri. Wanza alikuwa ametayarisha mapipa ya maji ya karafuu, makali, ili walale wasiamke. Faraz alikuwa akiwatia mmoja mmoja kama mtu anayelaza watoto. Mara mbili alisimama na samaki mkononi akaniuliza kama nina hakika. Mara ya kwanza nilimjibu ndiyo. Mara ya pili alikuwa ameshamtia kabla sijafungua mdomo.

Tuliwafukia na chokaa nyuma ya ua, kati ya makontena mawili ya watu. Jirani mmoja, dereva wa lori, alisimama akatazama, akauliza kwani samaki hao wana nini, mbona wanapendeza hivyo.

Faraz alinawa, akampa Wanza mkono. Nadhani ni mara ya kwanza.

22 Mei

Kusugua kuta. Magoti yangu.

30 Mei

Koo nyingine zote zimekufa au zimeuawa. Kati ya matangi yote lenye uhai ni moja: ukoo wa saba, katika maji mapya. Godauni kubwa, mlio wa pampu moja. Niliwahi kukaa katika nyumba kubwa namna hiyo baada ya watu kuondoka, na leo nilijikuta nanyata.

Nimehesabu. Hakuna chawa. Hata mchanga.

7 Juni

Idi ilikuwa jana. Hajra alinipa nyama ya kutosha wiki. Faraz anacheka tena, kwa mashaka, kama mtu anayejaribu mguu uliovunjika. Msikitini mabomba yamefunguliwa. Maji yanatoka vizuri, na mbu wamejaa ua mzima kutoka kwenye mitaro.

Hakuna chawa.

11 Juni

Majike wanne wana mayai mdomoni. Perege jike hutaga, dume akarutubisha, kisha jike huyapakia mdomoni na hali kitu mpaka watoto waweze kuogelea. Wamekonda, vichwa vimekuwa vikubwa. Wanza anawatazama asubuhi nzima. Kila mmoja amebeba ukoo mzima, alisema, na kwa mara ya kwanza nimemwona akikaa chini bila kazi mkononi.

Faraz ameshawapigia simu wafugaji wa Jomvu na Mtwapa. Anataka waje waone.

Hakuna chawa.

15 Juni

Mvua imekatika. Jua kali, barabara ya Shimanzi imekuwa vumbi tena. Nimeanza kufikiri nitaandika nini daftari likibaki na kurasa.

19 Juni

Naandika hapa hapa mezani, godauni, kwa sababu sina lingine la kufanya kwa dakika hizi.

Asubuhi nilimlaza dume mmoja mdogo, nikamgeuza, nikaona chawa nyuma ya pezi. Si kitu, nilijiambia. Mayai machache yalibaki ukutani, ameanguliwa mmoja, kesho ataanguka. Lakini nilikuwa nimemtenga samaki huyo tangu juzi alipoonekana anajisugua, kwa hiyo chawa huyu alikuwa naye kwa siku mbili tayari na hakuanguka. Nilimtoa kwa koleo, nikamweka chini ya hadubini.

Hakukonda. Tumbo lilikuwa limejaa damu, na pande zote mbili, yamepangwa kama shanga, mayai.

Nilimwita Wanza. Aliinama juu ya hadubini mpaka nikadhani amesahau nipo. Aliniambia mmoja si ushahidi. Tukamlaza wa pili, alikuwa safi. Wa tatu alikuwa safi. Wa nne alikuwa nao wawili, na ngozi pale ilikuwa imejaa na kuwa ngumu kama inavyotakiwa, nao walikuwa wamepitisha mdomo pembeni yake, mahali laini.

Hakuna aliyekosea katika hilo. Sisi tulikuwa tukichagua samaki, na miezi yote hii, juu ya wale wakubwa waliowalea kwa mamia, chawa nao walikuwa wakizaa, wengine hivi, wengine vile. Mamia wakaanguka kwenye ngozi ya ukoo wa saba wakafa njaa. Wachache hawakufa. Watoto wa hao wachache ndio hawa. Wao pia wanarithi.

Nilimwuliza kama yako maji mengine popote, wazazi wengine, kitu cha kuchanganya na hawa kabla hawajazidi. Alisema pa kwenda palikuwa mahali pamoja tu, birikani, na pamepakwa chokaa.

"Wale majike?" niliuliza.

"Nikiwagusa watatema mayai." Alikuwa akifuta kioo cha hadubini kwa pindo la shati, na kukifuta tena. "Nikiwaacha, watoto wakitoka mdomoni watakutana na hawa."

Faraz amepiga simu, yuko Makupa na wageni wa Jomvu, watu watano, na amenunua viazi karai njiani. Alikuwa na furaha hata hakungoja jibu. Wanza amesema nimwambie mimi, kwa kuwa yeye ndiye aliyemwambia aue wale wengine. Nikamwuliza nimjibu nini Faraz akitaka kujua afanye nini.

"Mwambie sijui bado," amesema. Kisha: "Usiliache hilo neno 'bado', Mzee."

Amekwenda kusimama kando ya tangi, mikono nyuma. Ndani majike wanne wako chini kabisa, kila mmoja pembeni yake, midomo imefumbwa.

Nasikia honi langoni.